Je, Kiasi cha Kuazima ni Kiasi?

Katika kilima cha Mbuya, mashariki ya jiji la Kampala, ipo njia ya vumbi tuipandayo kila siku tutokapo shuleni. Kwa miaka mingi majirani walizoea kutuona tumesimama chini ya kila mti tukihema, mkono kiunoni, kana kwamba kilima kimeongezwa urefu usiku. Siku hizi majirani wale wale hutusimamisha kwa furaha na kutuambia, "Hongera, Mwalimu! Umejizuia kweli kweli. Wewe una nidhamu." Wengine hawasemi kitu. Hututazama shingoni na mashavuni, hutusalimu kwa upole uliozidi kawaida, na tukishawapita hunong'onezana. Makala haya yametokana na mambo hayo mawili, sifa na mnong'ono. Kwa kuwa yote mawili yanazunguka jambo moja ambalo kwa muda mrefu hatukulisema: kwamba tumboni mwetu imo pete, na kwamba tumepungua kwa msaada wake.

Swali tunalokusudia kulijadili ni hili. Mtu alaye kidogo kwa sababu kuna chombo kinachomzuia, je, anastahili kuitwa mtu wa kiasi? Na ikiwa sifa anayopewa si yake yote, je, akiipokea kwa kunyamaza amesema uongo? Yamkini msomaji atashangaa kuliona swali la namna hii katika jarida la walimu wa lugha. Lakini kiasi, ulafi, shibe, tamaa na sitara ni maneno tunayoyaandika ubaoni kila mwaka na kuwataka wanafunzi wayatungie sentensi. Mwalimu asiyewahi kuyapima maneno hayo katika maisha yake mwenyewe huyafundisha kama mtu auzaye kitambaa bila kukikunjua.

Yafaa kwanza tuieleze pete yenyewe, tusije tukajadili kitu kisichofahamika. Ni mkanda wa silikoni, ambayo ni namna ya mpira laini, unaofungwa kuzunguka sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, chini kidogo ya umio. Juu ya mkanda huo hubaki kijifuko ambacho mwanzoni huchukua mililita 15 hadi 30 tu, yaani kijiko kimoja cha mezani au viwili. Chakula kikifika hapo husubiri, kisha hushuka polepole kwa kupitia tundu jembamba. Upande wa ndani wa pete kuna kipira kinachotiwa maji ya chumvi kwa sindano, kwa kupitia kidude kilichoshonewa chini ya ngozi ya tumbo na kuunganishwa na pete kwa mrija. Daktari akiongeza maji, tundu hubana, akiyapunguza, hulegea. Mfuko wa chakula haukatwi, na pete yaweza kutolewa ikibidi.

Pete iwezayo kukazwa na kulegezwa ilianza kutumika katika miaka ya 1980, na miongoni mwa waanzilishi wake ni Lubomyr Kuzmak, daktari wa Marekani, aliyeanza kuitumia mwaka 1986. Lakini aliyetangulia kuiweka kwa njia ya matundu madogo, pasipo kulipasua tumbo kwa mkato mrefu, ni mzaliwa wa Ethiopia, Mitiku Belachew, aliyechunga mifugo utotoni, akasoma hata akawa daktari mpasuaji nchini Ubelgiji. Kazi hiyo aliifanya katika mji wa Huy mnamo Septemba 1993. Tukikumbuka kwamba wakati ule, masikioni mwa walimwengu wengi, jina la Ethiopia lilikuwa bado limefungamana na njaa kuu ya miaka ya 1984 na 1985, hatuwezi kukosa kutafakari kwamba mwana wa nchi hiyo ndiye aliyewatengenezea njia watu ambao taabu yao ni kinyume cha njaa ile. Katika miaka ya 2000 pete hizi zilienea sana duniani. Tangu miaka ya 2010 zimepungua, kwa maana madaktari wengi wamependelea upasuaji wa kuondoa sehemu ya mfuko wenyewe, na pia kwa sababu pete nyingi ziliteleza, au zilikula ukuta wa mfuko, zikabidi kutolewa. Sisi tuliwekewa yetu ng'ambo mwaka 2014, kwa fedha za dada yetu aishiye huko. Tulikuwa na kilo 128, ugonjwa wa kisukari na shinikizo la damu.

Tuanze na swali la kwanza, na tulijie kwa njia ya maneno, maana ndiyo kazi yetu. Kiswahili kina neno kushiba na kina neno kukinai. Mara nyingi wanafunzi hudhani kwamba maneno haya ni pacha, na kwa kweli yapo mahali yanapokaribiana, kwani aliyekula hata akachoka na chakula husemwa kwamba amekinai. Hata hivyo kukinai kuna maana nyingine iliyo pana zaidi: kuridhika na ulicho nacho, kutotupia jicho cha mwenzio, kuwa na kinaa. Shibe ni habari ya tumbo. Kinaa ni habari ya moyo. Tajiri aweza kushiba asikinai, na maskini aweza kukinai hali hajashiba.

Basi pete huleta shibe. Hilo hatulikanushi. Tukila matonge machache ya matoke kwa mchuzi wa karanga, tukitafuna kila tonge hata likawa kama uji, tunapata shibe ambayo zamani hatukuipata kwa sahani mbili. Tukisahau tukala kwa haraka, au tukameza kipande cha chapati kisichotafunwa vizuri, chakula hukwama, kifua hubana kama kilichofungwa kamba, na hatuna budi kuomba radhi na kutoka mezani. Tumejifunza kutokunywa maji pamoja na chakula, kuuepuka mkate mlaini unaoganda kama gundi, na kuweka kijiko chini kila baada ya tonge. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Na kibaba chetu sasa ni kidogo kuliko kikombe cha kahawa.

Lakini pete haileti kinaa. Ni bawabu wa mlango mmoja tu, tena ni bawabu ambaye macho yake ni mafupi. Huzuia ugali na nyama. Haizuii soda, wala chai ya maziwa iliyojaa sukari, wala aiskrimu, wala chokoleti inayoyeyuka kinywani. Vitu hivyo hupita mbele yake kama maji katika mfereji. Katika mwaka wa tatu, tulipofiwa na mama yetu, tuliligundua jambo hilo vizuri kuliko tulivyopaswa. Usiku, nyumba ikiwa kimya, tulikuwa tukinywa maziwa mazito ya kopo kwa kijiko, na pete haikutuuliza neno. Tulikuwa tumefika kilo 89. Katika miezi ile tukarudi 98. Mchana tulikuwa bado tukisifiwa njiani kwa nidhamu yetu.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa kwamba wanaosema pete ni njia ya mkato wamekosea, na wanaosema pete ni tiba inayotosha nao wamekosea. Pete haimfanyi mtu awe wa kiasi. Humpa nafasi ya kuchagua ambayo hapo kwanza hakuwa nayo, kisha humwachia uchaguzi.

Tuna ushahidi mwingine kwamba kiasi hakipimwi kwa udogo wa chakula. Chini ya kilima chetu, upande wa Kinawataka, wanatoka baadhi ya wanafunzi wetu ambao siku nyingi hufika saa saba mchana bila kula kitu. Yuko mvulana mmoja ambaye chakula chake cha siku nzima, tukikipima, huenda kikawa pungufu kuliko chetu sisi wenye pete. Hakuna amwambiaye, "Hongera, una nidhamu." Kula kwake kidogo si wema wala si ubaya, ni uhaba. Neno kiasi linaanza kuwa na maana pale tu ambapo kuna nafasi ya kuzidisha. Na tukiri kwamba kumtazama mtoto huyo, hali tukijua gharama iliyotumika ili sisi tule kidogo, ni jambo linalochoma. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yawezekana aliyenunuliwa shibe humjua kidogo zaidi, asipojilazimisha kutazama.

Sasa twende kwenye hoja ya wapinzani wetu, ambayo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Wao husema hivi: wema ni ule unaotoka ndani ya mtu. Asiyeiba kwa sababu mlango umefungwa si mwaminifu. Ni mwizi aliyekosa ufunguo. Vivyo hivyo asiyekula kwa sababu koo limebanwa si mtu wa kiasi. Ni mlafi aliyefungwa. Nguo ya kuazima, huongeza, haisitiri maungo.

Hoja hii tunaijibu kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba inachukulia njaa kuwa kitu kimoja kwa watu wote, kana kwamba sote tumepewa mzigo ule ule na tofauti ni uvivu wa wabebaji. Sivyo ilivyo. Elimu ya mwili imeonyesha kwamba mtu mnene akipungua kwa kujinyima, homoni zinazoamsha njaa hupanda na zile zinazoleta shibe hushuka, na mwili wake hutumia nishati kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa uzito wake mpya. Na hali hiyo yaweza kudumu hata baada ya mwaka mmoja. Mwili haujui kwamba daktari ameagiza upungufu huo. Hudhani ni mwaka wa njaa, nao hujitetea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa akiishi na unene wa kupindukia. Ni vigumu kuamini kwamba ulafi, kama tabia mbaya ya mtu mmoja mmoja, uliwaangukia watu wote hao katika kizazi kimoja.

La pili ni kwamba hakuna aliyewahi kuwa na kiasi chake peke yake. Tukichunguza tutaona kuwa kila mtu mwenye kiasi ameegemea kitu fulani kilicho nje yake. Mwislamu afungaye Ramadhani hafungi peke yake: mji mzima umefunga, adhana inamwongoza, na aibu ya kula mchana humlinda pale ambapo imani imelegea. Mkristo ana Kwaresima yake. Mtoto aliyelelewa kula katika sinia moja na ndugu zake hufundishwa kiasi na mikono ya wenziwe kabla hajajua neno lenyewe. Mwalimu hulindwa na mshahara. Tunayaita hayo malezi, dini, desturi na hali, wala hatumwambii mtu kwamba kiasi chake ni cha kuazima kwa kuwa alikipata kwa mama yake. Kwa nini basi msaada uliotoka kwa mama uwe heshima, na ule uliotoka kwa daktari uwe aibu?

Tunadhani kwamba mfano unaofaa si nguo, bali ni mkongojo. Mzee hakuzaliwa na mkongojo, na bila huo hafiki msikitini wala kanisani. Hata hivyo hatusemi kwamba mkongojo ndio uliokwenda kusali. Hatua ni zake; na akiamua kuutumia mkongojo kwenda kilabuni, hatua hizo nazo ni zake. Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni kwamba kiasi cha kuazima chaweza kuwa kiasi cha kweli, kwa sharti moja: mwenye kukiazima akumbuke kwamba amekiazima. Maziwa yetu ya usiku yalitokana na kusahau sharti hilo. Sifa za njiani zilikuwa zimetuingia, tukaamini kwamba sisi wenyewe ndio bawabu.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia, nalo ni gumu zaidi. Je, tulikuwa na wajibu wa kusema?

Ili msomaji aupime ugumu wake, hana budi kujua maana ya kukonda katika nchi hii. Tangu mwaka 1982 watu wa Kasensero, kandokando ya Ziwa Viktoria, walianza kuona ugonjwa uliowakondesha vijana hata wakabaki mifupa. Watu waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, nalo katika Kiganda likawa siliimu. Mwanafunzi wa Kiswahili asilichanganye na kusilimu, ambalo halihusiani nalo kabisa. Mwaka 1985 madaktari, akiwemo David Serwadda, waliuandika ugonjwa huo kwa jina hilo hilo katika jarida la The Lancet, wakaonyesha uhusiano wake na virusi ambavyo leo tunavijua kuwa ni vya UKIMWI. Kwa kizazi chetu, tuliokuwa watoto katika miaka ile, mtu kukonda lilikuwa tangazo la msiba. Hapa hapa Mbuya, katika parokia ya kanisa la Bikira Maria wa Afrika, mwaka 2001 ilianzishwa kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI majumbani mwao, nayo imewaponya wengi na kifo na wengi zaidi na upweke. Dawa zimebadili mambo mengi, lakini jicho la jirani halibadiliki upesi kama damu. Linapoona mashavu yaliyoingia, hukumbuka.

Katika mazingira hayo tulinyamaza, na tulikuwa na sababu. Mwili wa mtu ni nyumba yake, na nyumba husitiri mambo. Mila zetu za pwani na za bara zinakubaliana kwamba si kila aulizaye anastahili kujibiwa. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tena tuliona kwamba kumwambia kila mpita njia, "Si ugonjwa huo, ni pete," kungekuwa kama kusema, "Sisi si miongoni mwa wale," na kuwatupia aibu wenzetu wanaoishi na virusi, ambao hawana kosa lolote. Afadhali wanong'one. Sababu hii bado tunaiona kuwa njema.

Lakini ilikuwako sababu nyingine isiyokuwa njema, nayo ni kwamba sifa zilikuwa tamu.

Katika shule tunayofundisha yuko mwalimu mwenzetu, mama wa watoto wanne, mwenye mwili mkubwa kama tuliokuwa nao sisi. Siku moja katika chumba cha walimu alituuliza, "Mwalimu, nieleze siri yako. Umefanyaje?" Tukamjibu, "Tumepunguza tu chakula. Tunakula kidogo kidogo, tunatafuna vizuri." Msomaji atazame sentensi hizo mbili kwa jicho la mwalimu wa lugha. Hakuna neno moja lisilo la kweli ndani yake. Hata hivyo, zikitazamwa pamoja, zilikuwa uongo, na uongo wenyewe ulikaa katika lile neno dogo tu.

Mwenzetu yule alitufuata. Asubuhi alikunywa chai kavu. Mchana alikula kipande cha kiazi. Kila wiki alitujia kuomba ushauri, nasi tulimpa, tukimwambia avumilie. Alipungua kilo tano, kisha zikarudi sita. Akaongeza kujinyima. Mwezi wa tatu alianguka darasani mbele ya watoto akiwa ameshika chaki. Hakuumia sana, tunashukuru, lakini tulipoketi kando ya kitanda chake alituambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe umeweza na mimi nimeshindwa. Nadhani mimi ni mtu dhaifu tu."

Tukamwambia habari ya pete, tangu mwanzo hata mwisho. Tulitazamia kwamba atafarijika. Alinyamaza kitambo, akasema, "Kumbe, Mwalimu! Miezi mitatu yote mimi najihesabu mvivu, kumbe mwenzangu una mlinzi mlangoni!" Kisha akageukia ukutani. Alikuwa na haki ya hasira hiyo, nasi hatukujitetea.

Tangu siku ile tumejaribu kutofautisha mambo mawili ambayo hapo awali tuliyachanganya: sitara na udanganyifu. Sitara ni kufunika kilicho chetu ili kisitazamwe na asiyehusika. Udanganyifu ni kufunika shimo ambalo mwenzetu anakaribia kulikanyaga. Kitambaa chaweza kuwa kile kile. Tofauti ni nini kilichoko chini yake na nani apitaye juu yake. Jirani anayenong'ona hana haki juu ya siri yetu, kwa kuwa mnong'ono wake haumtumbukizi popote. Lakini yule anayetujia kutaka kufuata nyayo zetu anayo haki ya kujua kwamba tulivuka mto kwa mtumbwi. Tusipomwambia, atajitosa majini akidhani kwamba sisi tuliogelea, na akianza kuzama atamlaumu nani ila yeye mwenyewe?

Tunamkumbuka hapa mwimbaji Philly Lutaaya, aliyerudi kutoka Uswidi mwaka 1989 na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati ambapo hakuna mtu mashuhuri nchini aliyekuwa amethubutu kufanya hivyo. Wapo waliodhani kuwa ni hila ya kuuza nyimbo. Akazunguka nchini akizungumza na vijana huku mwili wake ukisinyaa mbele ya macho yao, hata akafariki Desemba ya mwaka ule ule. Pete yetu si kitu mbele ya msalaba wa mtu huyo, wala hatuthubutu kujilinganisha naye. Tunamtaja kwa sababu yeye aliwaonyesha Waganda kwamba mwili wa mtu, pamoja na kuwa ni siri yake, waweza pia kuwa ushahidi ambao wengine wanauhitaji ili waokoke. Hakudaiwa na mtu kuutoa ushahidi huo. Alitambua mwenyewe kwamba kimya chake kingewagharimu wengine.

Ukweli wetu haukumponya mwenzetu. Hana dada ng'ambo, na gharama za upasuaji haziwezi kulipwa kwa mshahara wa mwalimu. Anaendelea na mwili wake, na sasa ana daktari anayemwangalia shinikizo la damu na kumwelekeza namna ya kula bila kujitesa. Kitu tulichomrudishia ni kimoja: aliacha kujiita dhaifu. Baada ya majuma kadhaa alitusamehe kwa namna yake. Katika sherehe ya kwanjula ya binti wa mwalimu mkuu, wenyeji waliposikitika kwamba hatukumaliza hata robo ya sahani yetu, na mama mmoja akaanza kulalamika kwamba tumedharau mikono ya wapishi, yeye ndiye aliyeinuka akasema, "Mwacheni Mwalimu. Ameshiba." Kisha akaivuta sahani yetu, akampelekea mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni.

Nasi tukapata neno fupi la kuwajibu wanaotusifu njiani: "Asante sana. Tulipata msaada wa daktari." Hatuongezi. Anayetaka kupita hupita, na anayetaka kujua zaidi kwa sababu inamhusu, husimama na kuuliza, nasi humweleza. Tumeona kwamba wengi husimama. Mficha uchi hazai, walisema wazee, wala hawakukusudia kwamba mtu atembee uchi barabarani.

Ndugu walimu, tunaliacha swali hili mikononi mwenu. Tunapofundisha methali za ulafi na kiasi, darasani wamo watoto wanene wanaochekwa, na wamo watoto wenye njaa ambao hawachekwi wala hawasifiwi. Labda tungeanza kwa kuwataka wote watunge sentensi mbili, moja ya kushiba na moja ya kukinai, kisha tuzisome kwa makini kabla ya kuzisahihisha. Kwa upande wetu, pete hii siku moja huenda ikatolewa, kama zilivyotolewa nyingi. Siku hiyo mtungi utabaki na yale tu yaliyokwisha kuingia ndani yake, nasi bado tunajaza, kijiko kwa kijiko.